Nicanor Ojwang, Padre Aliyemwonea Mwenzake Kijicho

Alizaliwa tarehe kumi Januari mwaka 1946 huko Karungu, upande wa ziwa, siku ambayo kalenda ya Kanisa humkumbuka shemasi Nikanori, na mmisionari aliyembatiza hakujisumbua kutafuta jina lingine. Jina la nyumbani, Ojwang, mama yake alimpa mwenyewe. Kwa Wajaluo ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati mama hana wa kumtazama, na kweli baba yake alikuwa amekwenda Kericho kwenye mashamba ya chai, akapata huko mke mwingine na watoto wengine, akasahau njia ya kurudi. Tangu utotoni Nicanor alijua kwamba mahali fulani kuna watoto wanaokula chakula cha baba yake. Hakuwahi kuwaona, ila aliwapa majina na sare za shule kichwani mwake, akawachukia mmoja mmoja. Nayasema haya mapema kwa sababu maisha ya watakatifu mara nyingi huandikwa kana kwamba walizaliwa wamekwisha kuogeshwa. Huyu alizaliwa na kijicho, akaishi nacho miaka hamsini na miwili kamili, na ni kwa sababu ya kijicho hicho waamini wa Gatwekera, Kibera, humtaja mpaka leo. Kanisa halijatamka neno lolote juu yake, wala mimi silitangulii. Nasimulia tuliyoyaona, na yale aliyoyasema yeye mwenyewe hadharani.

Wito wake ulikuja bila ndoto wala sauti. Padre mmoja mgeni alipita kijijini kusomea watu Misa, akamwuliza jina lake. Mwaka uliofuata aliporudi, alimwita kwa jina hilo hilo mbele ya watoto wote. Basi, yakaisha. Mtoto ambaye baba yake mzazi hamjui kwa jina alitambua papo hapo kazi anayoitaka duniani. Kuanzia hapo akawa mtu wa majina. Akikutana nawe mara moja, hata miaka kumi ikipita, atakuita wewe, na mama yako, na yule ndugu yako aliyeugua kifua. Kipaji hicho Mungu alimpa bila kipimo, na kwa bahati mbaya yeye mwenyewe hakukiona kuwa kipaji. Alitaka kile cha mwenzake.

Mwenzake ndiye Ambrose Wepukhulu. Walikutana seminarini, Ambrose akitokea Bungoma, kijana mrefu, mcheshi, mwenye sauti ambayo ukiisikia unasahau ulikuwa umekasirikia nini. Ambrose alichelewa kila mahali, na kila mahali alikochelewa walimfurahia. Nicanor aliamka kabla ya kengele, akawa tayari ameketi wengine wanapoingia, na hakuna aliyewahi kumwambia asante kwa kuwahi. Walipewa upadre siku moja, tarehe sita Desemba 1975, hapa Nairobi. Ndugu za Ambrose walikuja kwa malori mawili, na ngoma, na shangazi wasiohesabika. Jina lake liliposomwa, vigelegele vilichukua muda mrefu hata Askofu akaweka kitabu chini, akatabasamu. Likasomwa la Nicanor. Mama yake, aliyekuja peke yake na kuku mmoja kwenye kikapu, akapiga kigelegele peke yake mpaka sauti ikakauka. Mtu mwingine angelia kwa mapenzi ya mama wa namna hiyo. Nicanor alisikia tu ukimya uliozunguka ile sauti moja, na roho ikamuuma siku ya furaha yake mwenyewe.

Mwaka 1986 alitumwa kuhudumia Gatwekera, sehemu ile ya Kibera ambako nyumba za udongo na mabati zimebanana hata ukifungua mlango wako unagonga wa jirani. Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, na mvua ikinyesha Injili haisikiki. Watu wake walikuwa vibarua wa mjengo, mafundi, mama mboga, wauza omena, vile vidagaa vya ziwani, wengi wao kutoka magharibi na kandokando ya ziwa. Kila alasiri Padre Nicanor alizunguka kwa wagonjwa, mlango kwa mlango, akiwa na mafuta matakatifu mfukoni na majina yote kichwani. Alikuwa na vidonda vya tumbo, kwa hiyo chakula chake kikuu kilikuwa uji wa wimbi usiotiwa sukari. Mahubiri yake, tuseme ukweli mbele za Mungu, yalikuwa makavu. Hakuchekesha, hakuimba, na aliposhika kengele ya Misa aliishika kama mtu anayekabidhiwa kitu cha jirani. Lakini alikuwepo kila siku, na watu humzoea aliyepo kila siku mpaka hawamwoni tena.

Kisha mwaka 1990 Ambrose naye akaletwa karibu, Kawangware. Jamani! Ndani ya miezi mitatu kwaya ya Kawangware ilikuwa inazungumzwa mpaka Kianda na Soweto, vijiji vingine vya Kibera. Watu walitoka Kibera asubuhi ya Jumapili, wakiwa wamevaa vizuri, wakapita mbele ya kanisa la Padre Nicanor wakielekea kwa Padre Ambrose. Nicanor alisimama mlangoni na kuwasalimu kwa majina. "Karibu Misa, Valentine." "Leo napitia Kawangware, Father, kuna kitu kidogo huko." Kitu kidogo! Alikijua hicho kitu kidogo, alikijua mpaka urefu wake. Ambrose alipomtumia sweta ya kijivu kama zawadi ya Krismasi, aliitoa siku ile ile kwa mlinzi wa shule, na wiki nzima akamwonea mlinzi gere kwa sababu kila mtu alimwambia imempendeza.

Mwaka 1991 homa ya matumbo ilimlaza hospitalini wiki nne, na kwa Jumapili hizo nne Ambrose akawa anakuja Gatwekera kumshikia Misa. Nicanor alirudi amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Wa kwanza kumpokea alikuwa Mildred, muuza omena, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya reli. "Fadha, umepona? Asante Yesu!" akasema, akamshika mikono yote miwili. "Na ule mwingine atarudi lini?" Padre Nicanor akajibu, "Akipenda." Akaingia chumbani kwake, akaketi kitandani, uji ukapoa mbele yake bila kuguswa. Miaka miwili baadaye bado aliweza kurudia sentensi hiyo kwa lafudhi ya Mildred, herufi kwa herufi, na kila akiirudia kidonda cha tumbo kiliitika.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Juni 1993 alifariki mzee Githinji wa Kawangware, naye alifariki bila kupakwa mafuta. Binti yake, Wamuyu, alilalamika matangani mbele ya watu: Padre Ambrose aliitwa, akasema anamalizia mazoezi ya kwaya, na alipofika mzee alikuwa amekwisha kufunikwa shuka. Nicanor alikuwepo matangani. Aliposikia, moyo wake uliruka kwa furaha. Aliogopa kidogo kuona unaruka, kisha akajiambia kwamba huo ni uchungu wa mchungaji kwa ajili ya kondoo. Akaandika barua kwa msaidizi wa Askofu anayesimamia mapadre. Ilikuwa na kurasa mbili, mwandiko safi, na ndani yake kulikuwa na kila kosa la Ambrose tangu seminarini, likianzia kwa mzee Githinji na kumalizia kwa ombi kwamba ndugu huyu aondolewe parokiani, apelekwe mahali pasipo na watu wengi wa kumpotosha kwa sifa. Barua hiyo aliikunja na kuitia ndani ya kitabu chake cha sala. Aliamua kuikabidhi siku ya mwisho ya mafungo ya mwaka, mkono kwa mkono, ili isipotee ofisini.

Mafungo hayo ndiyo wiki ile ambayo mapadre wote wa jimbo huacha vigango vyao na kukusanyika kwa sala na masomo. Mwaka ule yalikuwa tarehe kumi na sita hadi ishirini Agosti, katika nyumba ya masista upande wa Karen, yenye bustani ya sukuma wiki na misonobari mirefu. Mapadre arobaini na watatu walikaa kimya tangu Jumatatu jioni. Walikula kimya huku mmoja akiwasomea kwa sauti, walitembea kimya, na aliyetaka chumvi aliionyesha kwa kidole. Asubuhi walifundishwa na padre mzee aliyealikwa kutoka Moshi, na alasiri walisoma Maandiko kwa vikundi. Miaka yote saba ya Gatwekera Nicanor alikwenda mafungoni bila kuaga waamini wake. Alifunga mlango, akaweka ufunguo mfukoni, akajiuliza ni nani atakayeuliza. Mwaka ule, bila yeye kujua, katekista mpya wa Gatwekera, Timothy Nalianya, alitangaza jambo hilo baada ya Misa ya Jumapili, naye alikuwa mtu wa kupenda kueleza: "Fadha wetu anaingia mafungo kesho. Wameitwa wote na Askofu. Haruhusiwi kuongea na mtu wala kupokea wageni mpaka Ijumaa."

Jumanne asubuhi yule mzee wa Moshi alifundisha juu ya siku ile Bwana alipowatimua wachuuzi hekaluni, na namna wanafunzi walivyokumbuka habari ya wivu wa nyumba ya Mungu. Akasimama kidogo, akawatazama juu ya miwani. "Wapendwa," akasema, "Kiswahili chetu kimemwachia Bwana neno lile lile tunalolitumia kwa mke mwenza. Wivu. Kuna wivu unaoilinda nyumba ya Mungu, na kuna wivu unaotaka nyumba hiyo iandikwe jina langu mlangoni. Vyote viwili vinakula mtu. Jiulizeni mnaliwa na kipi." Nicanor aliyaandika maneno hayo yote daftarini. Akayapigia mstari. Chini yake akaandika: cha kwanza. Kisha akainua macho na kumwona Ambrose, kiti cha mbele, amesinzia, kidevu kifuani, na hata kusinzia kwake kulikuwa kwa kupendeza. Mkono wa Nicanor ukaenda wenyewe kwenye kitabu cha sala kugusa ile barua.

Jumatano, saa nne na nusu hivi, somo likiendelea, Sista Celine, mlezi wa nyumba, aliingia ukumbini mbio, akasahau ukimya. "Mapadre, samahani. Kuna watu langoni. Ni wengi! Wanataka padre wao." Vichwa arobaini na zaidi viligeuka pamoja, na vyote viligeukia upande wa Ambrose. Nani mwingine? Nicanor akafunga daftari kwa kishindo. Hata huku! Hata siku hizi tano haziwezi kupita bila mashabiki wake! Akasimama, akavuka safu mbili za viti, akamgusa bega. Haya ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Jumatatu: "Amka. Watu wako wamekufuata." Ambrose akainuka akipangusa macho, akatoka. Nicanor akamfuata kwa nyuma, hatua ishirini hivi, kwa sababu mwenye kijicho hawezi kukaa mbali na kinachomuuma.

Langoni walikuwa kama sitini. Walikuwa wametembea kutoka Gatwekera kwa miguu, wakafuata barabara ya Ngong, vumbi mpaka magotini. Ambrose alipowaona alifungua mikono yake mirefu, uso ukang'aa. "Karibuni, watu wangu!" Mildred, aliyekuwa mbele kabisa na kikapu kichwani, akamtazama kutoka juu hadi chini, akageukia wenzake.

"Si huyu," akasema. "Huyu ni Fadha ya kuimba. Sisi tunataka ile yetu."

"Yenu ipi, mama?" Ambrose akauliza, mikono bado iko hewani.

"Ile ya kila siku. Ile haichekangi. Ojwang! Mmemfungia wapi? Amekosea serikali nini?"

Katekista Timothy alikuwa nyuma, anatafuta mahali pa kujificha. "Mimi nilisema mafungo," akajitetea. "Mama akasikia kifungo."

"Wewe nyamaza! Si ulisema ameitwa? Si ulisema haruhusiwi kuongea na mtu? Si ulisema mpaka Ijumaa? Kama hiyo si jela ni nini?"

Msomaji asicheke haraka. Miaka ile ya purukushani za vyama vingi, mtu akipotea siku mbili watu wa Kibera hawakuuliza yuko wapi, waliuliza yuko kituo gani cha polisi. Walikuwa wamezunguka vituo viwili tangu Jumatatu, wakafukuzwa kote, mpaka mmoja aliyewafulia masista wa Karen alipokumbuka kwamba mapadre hufungiwa huko. Nicanor alitokea nyuma ya Ambrose, nao wakapiga kelele kama watu waliokuta mtoto wao salama. Valentine, kijana yule wa kitu kidogo Kawangware, alikuwepo, ameacha kibarua cha siku. "Niaje, Father. Tulidhani umeshikwa," akasema, akaangalia viatu vyake. Mildred akateremsha kikapu, akatoa chupa ya chai iliyofungwa leso. "Uji yako hii. Sijaweka sukari. Nilijua hawa watu watakuwekea sukari, na tumbo yako haitaki."

Padre Nicanor akaipokea chupa. Alifurahi, na nataka nieleze ni furaha gani, kwa maana yeye mwenyewe aliieleza mara nyingi bila kujionea huruma. Hakufurahia uji. Hakufurahia hata miguu ile yenye vumbi iliyomtafuta siku tatu. Alifurahi kwa sababu Wepukhulu amekataliwa mbele ya watu. Akageuka kumtazama ili aonje vizuri. Ambrose alikuwa ameshusha mikono, anaangalia barabara, upande wa Kawangware, na barabara ilikuwa tupu. Hapo ndipo Nicanor alipoitambua ladha. Ilikuwa ile ile ya matangani kwa mzee Githinji, ile ile kabisa, haikupungua chochote. Watu sitini walikuwa wamemletea upendo wote alioulilia tangu Karungu, na kijicho kilikuwa kimepita mbele na kuula kabla yeye hajaugusa. Loo! Akaliegemea lango. Mildred akadhani ni njaa, akamwamuru anywe hapo hapo.

Alhamisi ilikuwa siku ya kitubio. Mapadre sita, Ambrose mmojawapo, walipangiwa kuungamisha bustanini kwenye viti vya plastiki, mbalimbali, wengine wakapanga foleni. Kiti cha Ambrose kilikuwa kitupu kwa vile mwenyewe alikuwa amechelewa. Nicanor alisimama mbele ya kiti hicho kitupu kama robo saa, peke yake, huku foleni nyingine zikipungua na wenzake wakimtazama kwa mshangao. Ambrose alipofika na kuketi, Nicanor alipiga magoti kwenye nyasi. Siri ya kitubio inamfunga mwungamishaji, naye Ambrose hajasema neno hata moja mpaka leo. Lakini mwenye dhambi zake ana ruhusa ya kuzitangaza, na Nicanor alizitangaza. "Nimekuonea kijicho tangu siku ya malori," alimwambia. "Kila ulipopendwa nimekufa kidogo. Mzee Githinji alipofariki nilifurahi." Malipizi aliyopewa yalikuwa kwamba mpaka mafungo ya mwaka ujao, katika kila Misa, ataje moyoni jina la mwenzake na jambo moja ambalo mwenzake anamshinda, amshukuru Mungu kwa jambo hilo.

Walipomaliza, Nicanor akamwomba watembee. Wakaketi kwenye benchi kando ya sukuma wiki, na hapo, nje ya siri ya Sakramenti, akamkabidhi ile barua. Ambrose aliisoma mara mbili. Kisha akaomba kalamu. Akafuta neno moja kwenye ukurasa wa kwanza, akaandika lingine juu yake.

"Umeandika niliitwa alasiri," akasema. "Niliitwa asubuhi. Nilikuwa na nafasi yote." Akairudisha kalamu. "Sasa ni ya kweli."

Nicanor alitaka kuichana. Ambrose akamnyang'anya. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Ojwang, jana nilisimama pale langoni nikiwangoja wa Kawangware. Na wao walitangaziwa. Nikitoweka kesho, watauliza nani atawafundisha ule wimbo wa Noeli. Wewe wamekuzungukia vituo vya polisi. Unajua nilichokuonea wivu? Mpaka tumbo lako. Nilitamani liwe langu, ili mtu ajue kwamba sili sukari." Ijumaa ilipofika, Padre Ambrose aliipeleka barua hiyo mwenyewe kwa msaidizi wa Askofu, pamoja na sahihisho lake. Alikaripiwa vikali, na kwa agizo la wakubwa wake alikwenda kupiga magoti nyumbani kwa Wamuyu, akaomba msamaha.

Malipizi yale yalikuwa ya moyoni, lakini Padre Nicanor alikuwa na tabia ya kutimiza kila agizo kupita kiasi. Jumapili iliyofuata, kwenye maombi ya waamini, baada ya kuwaombea wagonjwa na marehemu, alikohoa, akasema kwa ile sauti yake kavu: "Na kwa Padre Ambrose wa Kawangware, anayenishinda kwa kuimba. Roho inaniuma. Ee Bwana, twakushukuru." Kanisa zima likabaki midomo wazi. Jumapili ya pili: "Kwa Padre Ambrose, anayenishinda kwa urefu." Watu wakacheka. Ya tatu: "Kwa Padre Ambrose, ambaye nimesikia amepata kinanda kipya. Jana sikulala." Wazee wa kanisa walimfuata, wakamwambia hii ni aibu, padre hawezi kujianika. Aliwasikiliza, akawashukuru kwa majina yao, akaendelea. Mwaka ukaisha, malipizi yakaisha, yeye hakuacha. Walipomwuliza kama kijicho bado kipo, alijibu, "Kipo. Ni mpangaji mwenzangu. Lakini sasa kila Jumapili namtoa nje watu wamwone, akirudi ndani anakuwa mpole." Na ajabu ni kwamba kuanzia hapo mahubiri yake yalianza kusikilizwa. Wale waliokwenda Kawangware walirudi, kwanza kwa udaku, kutaka kusikia wiki hii roho imemuuma kwa nini, kisha kwa sababu kila mmoja alikuwa na wa kwake.

Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa Kageha wa Kianda, muuza githeri, yaani mahindi na maharage ya kuchemsha, ambaye hakuwa amesema neno na jirani yake Sella, muuza githeri mwenzake, kwa miaka miwili. Alisimama katikati ya maombi bila kualikwa, akasema, "Kwa Sella, sufuria yake inaishanga kabla ya yangu. Ninaumia. Twakushukuru." Kisha akaketi na kujifunika uso kwa kitambaa. Mkono wa kulia wa Kageha ulikuwa umejikunja ngumi kwa muda ule ule wa miaka miwili, hata mwiko aliushika kwa kushoto. Wiki ile ukafunguka. Daktari alisema ni mishipa, na huenda ni mishipa. Kageha anasema anachosema, na Sella, ambaye siku hizi husonga ugali naye kwenye jiko moja, anasema hivyo hivyo. Mimi naandika tu kwamba nimeuona mkono huo ukipepeta mahindi.

Mwisho wa mwaka 1997 zilikuja zile mvua za El Niño, vyoo vikafurika, na kipindupindu kikaingia Gatwekera. Padre Nicanor alizunguka kwa wagonjwa asubuhi na alasiri, akibeba ndoo za maji ya chumvi na sukari, yeye asiyekula sukari, akiwanywesha kwa kijiko na kuwaita kwa majina ili wasipotee. Siku ya tatu ya mwezi Januari naye akashikwa. Tumbo lile bovu halikuwa na nguvu ya kupigana. Jumamosi tarehe kumi Januari 1998, siku yake ya kuzaliwa, katekista Timothy alituma mtu Kawangware. Padre Ambrose alikuwa amevaa tayari, bibi arusi yuko mlangoni, kwaya imekwisha kusimama. Akamwachia msaidizi wake arusi hiyo bila kueleza, akakimbia. Njia ya kuingia Gatwekera ilikuwa imekatwa na maji, naye akapita ndani ya maji hayo.

Alifika saa nane mchana, tope mpaka kiunoni. Nicanor alifungua macho. "Umewahi," akasema.

"Nimekimbia."

"Viatu viko wapi?"

"Sijui."

Akampaka mafuta, akampa Komunyo ya njiani, kipande kidogo sana. Mildred na wengine walikuwa wamejaa mlangoni. Ambrose akamwinamia, akamwuliza kwa upole kama kijicho sasa kimemwacha. Nicanor alifikiri kwa uaminifu wake wote, kama alivyofikiria kila kitu maishani. "Bado kidogo," akasema. "Nawaza utakavyoiimba Misa ya mazishi yangu. Watu watakusifu wewe." Wakacheka wote wawili, na mlangoni wakacheka pia huku wakilia. Kabla ya saa tisa alikuwa ameondoka.

Misa ya mazishi ilifanyika nje, kwani kanisa lisingewatosha hata robo yao. Waliofika hawakuja kwa malori mawili. Walijaza njia zote mpaka kwenye reli. Ilipofika mahali pa kuimba Utangulizi, watu walivuta pumzi kuingoja sauti ile iliyosifika mji mzima. Padre Ambrose akafungua kitabu, akausoma. Hakuimba neno moja, tangu mwanzo hadi mwisho, na aliisoma Misa yote kwa ukavu ule ule wa Nicanor ili mtu yeyote asije akarudi nyumbani akimsifu yeye. Walioelewa walilia sana. Mwili ulipelekwa Karungu, ukazikwa kando ya mama yake.

Agosti ya mwaka ule ule, kwenye mafungo ya mwaka, siku ya mwisho, Padre Ambrose alisimama wakati wa maombi mbele ya mapadre wenzake. "Kwa Nicanor Ojwang," akasema, "anayenishinda kwa kujulikana. Roho inaniuma. Twakushukuru." Akaketi. Kisha padre mmoja msomi, aliyesoma Roma, akasimama na kumtaja mwenzake aliyeketi safu ya nyuma. Akasimama wa tatu, akamtaja Ambrose mwenyewe. Chakula cha mchana kilipoa, Sista Celine akachungulia mara tatu, akakirudisha jikoni, na mapadre walikuwa bado wanatajana.

Desturi hiyo ipo Gatwekera mpaka leo, kila Jumapili, baada ya wagonjwa na marehemu. Mgeni huifikiria kuwa ni mzaha mpaka zamu yake ifike. Padre Nicanor hakutuachia wimbo wala jengo, na picha yake iliyopo ni moja, tena amefumba macho. Ametuachia kazi ndogo ya kufuata. Wewe uliyeusoma ukurasa huu mpaka hapa, tangu pale mwanzo kuna jina limekuwa likikujia, nawe umekuwa ukilisukuma. Litaje.